Wasomaji Wanauliza: Kikundi cha Mtwara Kinapotaka Kuuona Msitu wa Mvua

Miongoni mwa barua za mwezi huu, nne zimegusa jambo moja, nalo ni maandalizi ya safari ya kutembea msituni mkiwa na mwongoza watalii. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo wengine watatu watayahitaji pia.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara Mjini na katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuko wanachama 14: walimu watano, na waliobaki ni wakulima wa korosho na wafanyabiashara wa sokoni. Kila mwaka tulikuwa tunagawana faida na kila mtu anakwenda zake. Safari hii tumekubaliana sehemu ya faida itupeleke kuuona msitu wa mvua wa Udzungwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Tuanzie wapi, twende mwezi gani, na tumwulize nini mwongoza watalii kabla ya kumlipa? — Katibu, Mtwara.*

Mwalimu, anzeni na kalenda kabla ya daftari la fedha. Fedha ya korosho huingia mikononi minada inapoanza, kuanzia Oktoba na kuendelea, na hapo ndipo kila mmoja hujiona yuko tayari kusafiri; lakini ndio wakati mvua nazo zinakaribia, na mkivuta hadi Machi mtakuta masika yamekolea upande wa Morogoro huku barabara yetu ya kusini ikiwa haina uhakika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara eneo la Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo fedha iwekwe wakati wa minada, na safari ifanyike kiangazi, kati ya Juni na mwanzoni mwa Oktoba.

Hapo najua wakulima wenu watalalamika, kwa sababu Juni hadi Agosti ndio msimu wa kupulizia mikorosho, na ikifika Septemba kuna wanaoanza kusafisha mashamba ili wapate kuokota. Walimu nao wana likizo ya katikati ya mwaka tu. Mimi ningechagua wiki ya mwisho ya Juni, ndani ya likizo, na kila mkulima akapatana mapema na jirani au ndugu wa kumpulizia kwa zamu moja. Zamu hiyo iingizwe kwenye bajeti ya safari waziwazi, maana mtu aliyeacha shamba bila mpulizaji atakuwa msituni kwa mwili tu.

Msidhani pia kwamba kiangazi cha huko ni kikavu kama cha Mtwara. Safu ya milima ambayo Udzungwa ni kundi lake la mwisho upande wa kusini ina makundi 13, kuanzia Taita nchini Kenya, na misitu yake imedumu kwa sababu ya bahari hii hii tunayoiona sisi kila siku. Upepo wa kusi unaowasumbua wavuvi wetu katikati ya mwaka unaendelea kuingia bara ukiwa na unyevu, unagonga miteremko ya mashariki, unapanda, unapoa, na unyevu unakuwa ukungu na manyunyu. Ndiyo maana upande wa mashariki wa milima kuna msitu mzito usiopukutisha majani, wakati upande wa magharibi ni mkavu. Kila mtu abebe kitu cha kujikinga na mvua hata kama mtaondoka Mtwara jua likiwaka.

Kuhusu njia, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, kisha kuna safari nyingine ya kupita Morogoro hadi Mikumi, ambako mtaiacha barabara kuu na kushika barabara ya Ifakara mpaka Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi. Wapo watakaowaambia kwamba Coaster ya kukodi ikiondoka alfajiri inafika usiku huo huo. Msikubali. Dereva atakuwa amechoka, barabara ya Mikumi inavuka eneo la wanyama, na ninyi mtaingia msituni kesho yake mkiwa na miguu iliyovimba kwa kukaa kitini. Laleni Dar es Salaam au Morogoro, fikeni Mang'ula kabla ya jua kuzama siku ya pili, na siku ya tatu ndiyo iwe ya kutembea. Siku mbili za kwenda na mbili za kurudi huonekana nyingi kwenye karatasi, hasa kwa mweka hazina, lakini hapo si mahali pa kubana matumizi.

Sasa mwongoza watalii. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, haitembelewi kwa gari kama Mikumi. Ndani yake watu hutembea kwa miguu, na hamruhusiwi kutembea bila kuongozwa. Kwa kuwa msitu huo una tembo na nyati, katika njia kadhaa mtaongozana pia na askari wa hifadhi mwenye silaha. Kwa hiyo suala la kuwa na mwongozaji au kutokuwa naye halipo. Suala ni mtakavyozungumza naye kabla ya siku yenyewe, na hapo ndipo vikundi vingi hukosea. Huuliza bei, wakaishia hapo.

Mpigieni simu wiki mbili kabla na mumweleze ninyi ni akina nani: mko 14, umri wa mdogo na wa mkubwa, nani ana pumu, nani ana goti bovu, nani hajawahi kupanda mlima maisha yake yote, ambao kwa watu wa Mtwara Mjini huenda wakawa wengi. Kisha muulizeni anachukua watu wangapi kwa mkupuo mmoja, nani atatembea nyuma kabisa ya msafara, simu zinashika mtandao hadi wapi, kisanduku cha huduma ya kwanza kina nini, na, lililo muhimu kuliko yote, saa ya kugeuza ni saa ngapi. Mwongozaji mzoefu atakuwa na jibu mdomoni: ikifika saa fulani mchana, popote mlipo, mnageuza. Mang'ula iko chini ya mlima kwa upande wa mashariki, jua linazama nyuma ya mlima, na chini ya miti giza huingia mapema kuliko saa yenu ya mkononi inavyodai. Akikujibuni kwamba hakuna shida, mtatembea mpaka mchoke, tafuteni mwingine.

Mkiwa 14 gawanyikeni makundi mawili ya watu saba, kila kundi na mwongozaji wake. Najua mtasema kikundi ni kimoja na hamtaki kutengana, lakini nimekwishaona msafara wa watu 16 kwenye njia nyembamba: wa mbele wanamwona mbega, wa katikati wanaliona tawi linalotikisika, na wa nyuma wanaona migongo. Tena katika msafara mrefu, wenye kasi wanapumzika wakiwasubiri wa nyuma, na wa nyuma wakifika tu, wenye kasi wanainuka, ili anayehitaji kupumzika kuliko wote ndiye asipumzike kabisa. Mwendo wa kila kundi upangwe kwa mguu wa anayechelewa, naye atembee wa pili, nyuma tu ya mwongozaji, asiachwe mkiani.

Njia ziko za kila aina. Ya maporomoko ya Prince Bernhard ni fupi, haimalizi hata saa nzima. Ya Sonjo huchukua kama saa mbili. Ya Sanje, ambako maji hushuka jumla ya mita 170, huhesabiwa muda wa saa nne, nanyi ongezeni nyingine moja na nusu kwa sababu ya wingi wenu na simu zenu za kupigia picha. Zipo pia za kulala msituni, ile ya kilele cha Mwanihana ikiwa ya siku tatu, ambayo kwa safari ya kwanza nawashauri muisikie tu. Kwenye Sanje mna nafasi nzuri ya kukutana na mbega mwekundu wa Udzungwa na yule kima ambaye wenyeji humwita ngolaga, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ilhali watu wa Sanje walikuwa na jina lake tangu zamani. Tembeeni bila kelele. Kikundi kinachoimba njia nzima kitarudi kimeona miti.

Malipo ya kuingia hifadhini hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, si kwa noti mkononi mwa mtu, na Mtanzania hutozwa kiwango chake kwa shilingi. Kwa hiyo kila mwanachama awe na kitambulisho cha taifa, na mweka hazina adai risiti. Kwenye bajeti tenganisheni usafiri, malazi, chakula, ada ya kuingia, ada ya mwongozaji na ya askari, kisha wekeni akiba ya moja ya kumi ya jumla yote kwa ajili ya pancha na homa.

*Shikamoo mwandishi, au marahaba, sijui umri wako. Mimi nina miaka 58, nakaa Mikindani, nina presha na goti la kushoto linauma nikishuka ngazi. Wanangu wamenilipia safari ya msituni pamoja na wenzangu wa kikundi. Naona aibu kusema kwamba naogopa. Nijitoe? — Mama wa Mikindani.*

Shikamoo mama. Usijitoe bado, lakini aibu uiache Mikindani. Anza zahanati au hospitali unakochukulia dawa. Mweleze daktari kwamba utapanda mlima kwa saa kadhaa kwenye joto na unyevu, akupime, na umwulize hasa kuhusu vidonge vyako, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na mtu anayetoka jasho jingi huku akipoteza maji kwa njia hiyo pia anaweza kupata kizunguzungu. Akikukataza, umekatazwa. Akikuruhusu, dawa zako zikae kwenye mkoba unaoubeba mwenyewe, na mwongozaji ajue ziko mfuko gani.

Goti ulilolitaja linanipa fununu, kwa sababu umesema linauma ukishuka. Watu wengi wanaogopa kupanda, kumbe kupanda humaliza pumzi tu, na pumzi hurudi ukisimama; kushuka ndiko kunakoumiza magoti, tena huja mwishoni, wakati misuli ya mapaja imeshachoka kuzuia uzito. Bahati yako unakaa mahali penye mwinuko, tofauti na wenzako wa mjini. Una wiki sita. Siku tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kali, toka ufukweni upande hadi kwenye Boma la Wajerumani, ushuke, na kila wiki uongeze mzunguko mmoja kama goti halijalalamika. Wiki mbili za mwisho beba mkoba wenye kilo tatu za mchele ndani yake. Mwombe fundi seremala akukatie fimbo inayofika juu kidogo ya kiwiko chako, na uizoee kuishika upande wa kulia, yaani upande wa pili wa goti linalouma, ikitangulia pamoja na mguu mbovu unaposhuka.

Baada ya wiki sita utajua mwenyewe. Kama mizunguko minne inakushinda, wenzako waende Sanje na wewe uchukue njia ya Prince Bernhard, ambayo nayo iko ndani ya msitu ule ule na mara nyingi mbega huonekana karibu na lango. Hutakuwa umekosa safari, na wanao hawatakuwa wametupa fedha.

*Nimeambiwa ninunue kombati ya mabaka, buti za mvua na panga. Ni kweli? — Kijana, Masasi.*

Panga liache nyumbani. Ndani ya hifadhi hukati hata kijiti. Kombati ya mabaka nayo iache dukani, kwa kuwa mavazi yanayofanana na ya jeshi yamekatazwa kwa raia na utajiletea maelezo marefu kwenye kizuizi cha kwanza cha barabarani. Vaa suruali ndefu nyepesi isiyo jinzi, maana jinzi ikilowa inakuwa nzito na haikauki, na shati la mikono mirefu. Epuka nyeusi na buluu iliyokolea, kwa sababu mbung'o huzipenda rangi hizo, na mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Soksi ziwe ndefu, na suruali uichomeke ndani yake: siafu wakipita njiani, mwenye suruali iliyochomekwa huvuka kwa hatua nne za haraka, na mwingine huvua nguo mbele za watu. Ukirudi, jikague kupe kwenye kwapa, nyuma ya magoti na kiunoni. Ukiguswa na upupu usijikune wala usiguse macho, mwite mwongozaji.

Kuhusu viatu nina la kusema zaidi, kwa kuwa yalinikuta. Nilikuwa na buti nzuri za mtumba nilizozitunza kabatini Lindi kwa miaka, nikizitoa kwa safari maalumu tu. Kwa macho zilikuwa mpya. Tulipoanza kushuka Sanje, soli ya mguu wa kulia ilianza kupiga makofi kwa kila hatua, na kabla hatujafika nusu ya mteremko ikafunguka kutoka kisigino hadi katikati kama mdomo wa samaki. Mwongozaji wetu hakusema neno. Alitoa mfukoni kamba ya katani, akaizungusha mara tatu juu ya kiatu na chini ya soli, akafunga fundo pembeni ili nisilikanyage, nikashuka hivyo hadi getini. Baadaye fundi viatu wa Lindi alinifahamisha kwamba soli za aina ile huoza kwa joto na unyevu hata zisipovaliwa, na kukaa karibu na bahari kunaharakisha. Kwa hiyo kiatu chochote utakachochagua, kivae kwa mwezi mzima kabla ya safari, kikunje kwa mikono uone kama soli inapasuka, na ubebe kamba. Buti ndefu za mpira zinafaa tope la shambani. Kwenye mteremko wa mawe yaliyolowa mguu hucheza ndani yake na kucha za vidole ndizo hulipa. Raba ngumu yenye meno chini, inayobana kisigino, inatosha.

Chakula kiwe chepesi na kisichoharibika: korosho za kukaanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, hata ming'oko iliyochemshwa jana yake. Maji yasipungue lita mbili kwa kila mtu, na paketi mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Takataka zirudi nanyi ndani ya mfuko wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na getini hawatacheka.

*Kila siku ni Udzungwa. Sisi watu wa Lindi tuna Rondo hapa juu. Ina upungufu gani? — Msomaji, Lindi.*

Haina upungufu, ni msitu wa aina nyingine, na anayekwenda Rondo akitarajia Sanje atarudi na manung'uniko yasiyo ya haki. Rondo ni uwanda ulioinuka hadi karibu mita 900, na msitu wake ni wa ukanda wa pwani, mkavu kuliko ule wa Udzungwa, wenye miti inayopukutisha majani kiangazi, na mivule yake ilivunwa sana wakati wa ukoloni. Hamna maporomoko makubwa ya maji wala mwinuko wa kutisha magoti ya mama wa Mikindani. Kuna kitu kingine, nacho ni kidogo sana.

Komba wa Rondo ana uzito wa takriban gramu 60, sawa na yai moja la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Ndiye mdogo kuliko komba wote, na anaishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, ikiwemo Litipo karibu na ziwa Lutamba, huku kwetu Lindi. Yuko katika hatari ya kutoweka, kwa sababu vipande hivyo vinaliwa na mashamba, mkaa na moto.

Maandalizi ya kumtafuta ni kinyume cha yale ya Udzungwa. Hutembei mchana, hupandi, na hubebi vingi. Omba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, maana Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini yao, nao watakupa mtu wa kukuongoza. Toa taarifa pia kwenye ofisi ya kijiji, kwa kuwa tochi zinazozunguka msituni usiku humfanya mwanakijiji afikirie wezi wa mbao. Nendeni watu wanne, wasizidi. Tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu ya peremende na kufungwa kwa mpira, kwa sababu mwanga mweupe unamuumiza mnyama wa usiku. Kaeni chini, kila mtu ageukie upande wake, mzime tochi na msizungumze kwa dakika 20. Kwanza mtasikia mbu, kisha nyenje, kisha majani. Macho yake yakipatikana kwenye mwanga ni vidoti viwili vya rangi ya kaa la moto, chini chini kwenye vichaka na si juu kwenye vilele wanakotazama wengi, na huwa yapo kwa sekunde chache, yakatoweka, yakatokea hatua tano pembeni.